UZI: Tuweke siku ya kutoa vikorokoro barazani kabla havijafika jaani

MwanaJangombe
Asalaam alaykum jamani. Nina jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa Shaabani na leo nimeona nilitoe. Wiki ya mwisho kabla ya mfungo mnajua wenyewe hali inavyokuwa, kila nyumba inapakwa rangi, makochi yako nje, mapazia yanashushwa, na kila kilichochakaa kinatafutiwa njia ya kutoka. Jirani yangu akatoa kitanda, cha mfenesi, kile cha kizamani cha mbao nzito, ubaya wake tendegu moja limeliwa na mchwa basi. Akawapa vijana elfu tano wakakibeba mpaka kwenye kontena la taka kule barabarani. Usiku mvua ikapiga, asubuhi watu washamwaga matumbo ya samaki juu yake, mchana kuna mtu kaja na panga kakata mbavu mbili za kuni, na kilobaki kikapakiwa kikenda Kibele, kwenye jaa kuu la Unguja.

Siku tatu baadae nikenda kumsalimia mama mmoja, nyumba ya tano kutoka kwa huyo huyo jirani. Nakuta wanawe watatu wanalala chini kwenye mkeka, na masika ile sakafu ya saruji inatoa maji. Nikamwambia jamani mbona kulikuwa na kitanda pale. Akanijibu "nilikiona mwanangu, kilipita hapa hapa mlangoni kwangu, lakini kitu kishakwenda kutupwa mie siwezi kukikimbilia, na kikifika jaani ndo kabisa, watu watasemaje".

Wallahi sijalala siku ile. Kwa sababu sie watu wa kupeana, tena sana, ukipika kitu kizuri huli mpaka jirani keshapelekewa sahani yake. Lakini vyombo vya nyumba havina njia hiyo. Kitu ama kiko ndani kwako ama kiko jaani, hapana pahala pa katikati ambapo mtu anaweza kukichukua na heshima yake ikabaki.

Na mie naona pahala hapo tunapo, ni baraza, ile ya kukalia mbele ya nyumba. Baraza si ndani si njiani. Sasa fikra yangu ni hii, mtaa mmoja uchague siku, mara mbili kwa mwaka inatosha, moja wiki mbili kabla ya Ramadhani na nyengine masika yakisha, kila mtu atoe vyake asubuhi aweke juu ya baraza, mwenye kutaka achukue mpaka baada ya laasiri, kitakachobaki kikodiwe kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwa mchango wa mtaa kipelekwe kinapostahiki. Mnaonaje? Nataka mawazo ya kweli maana nataka kumpelekea sheha, mkuu wetu wa mtaa, jambo lililokwisha kupikwa.

Mama_Watatu
Waalaykum salaam. Wazo zuri mie nakuunga mkono ila kwenye magodoro na makochi hapo tusimame kwanza. Kunguni. Niliwahi kuchukua kochi la watu viti vitatu, zuri, kitambaa kizima, nikalitia ndani kwa furaha, wiki ya pili watoto wanajikuna usiku kucha. Nilianika kila kitu juani, nikamwagia maji ya moto matendegu ya vitanda vyote, nikanunua dawa mara tatu, miezi minne kuwamaliza. Kwa hiyo kitu cha kitambaa kikitolewa mwenyewe aseme ukweli kinatoka wapi, na anaechukua akaangalie kwenye mishono na chini ya kochi pale penye misumari, ukiona vidoadoa vyeusi kama wino basi kiache. Lianikwe juani kwanza, tena jua kali siku nzima huku ukiligeuza, halafu ndo liingie ndani.

fundi_baridi
Naongea kama fundi wa friji miaka kumi na sita kazini. Vitu vingi vinavyotupwa havijafa, vinaumwa tu. Friji haigandishi watu wanasema kompresa imekufa, unaifungua unakuta rilei ya elfu chache, au mpira wa mlango umelegea baridi yote inatoka. Feni inavuma haizunguki, hiyo mara nyingi kapasita. Pasi haishiki moto, angalia waya pale unapoingilia kwenye pasi, umekatika kwa ndani kwa kukunjwakunjwa kila siku. Kabla ya kutupa muonesheni fundi hata kwa picha.

Na hata iliyokufa kabisa ina kazi. Friza ya kulala ilokufa ni sanduku la barafu zuri kuliko lolote la dukani maana kuta zake zina lile povu la kuzuia joto, wauza samaki wanazitafuta sana, unatia barafu na samaki wako unafika nae jioni bado mzima. Bibi yangu alikuwa na friji mbovu anaweka mchele na unga, panya hawaoni ndani.

LAKINI nawaomba sana sana mambo mawili. La kwanza friji ikitolewa nje, hata kwa saa moja, ing'olewe mlango au mlango ufungwe kwa kamba mizunguko miwili, hasa zile za zamani zenye komeo la chuma, mtoto akiingia kucheza kibe akajifungia, ndani hapana hewa na sauti haitoki. La pili msikate mabomba ya gesi wenyewe. Friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a na ile inawaka moto kama gesi ya kupikia, mtu anakata huku kijana pembeni anavuta sigara au anachomelea. Angalieni kibandiko nyuma ya kompresa kimeandikwa. Siku mtakayoifanya mie nakuja bure na mfuko wangu wa vifaa nikae kwenye baraza moja, anaetoa na anaechukua wote wapite kwangu.

MwanaJangombe
@fundi_baridi Mungu akulipe kheri, hilo la mlango silikulifikiria hata kidogo na mtaa wetu una watoto kama siafu. Nishaliandika.

Mzanzibari_Hamburg
Nyie mnalolizungumza huku Ujerumani ni utaratibu kabisa, wenyewe wanaita Sperrmüll, taka kubwa kubwa yani makochi, vitanda, makabati, mazulia. Miji mingine ilikuwa na tarehe zake, watu wanatoa vitu usiku wa kuamkia siku ile wanapanga ukingoni mwa barabara, na kabla gari haijaja wanapita wanafunzi, wageni, wauza vitu vya mitumba, wanachagua. Siku hizi miji mingi imegeuza, unapiga simu au unaingia kwenye intaneti unapangiwa siku yako. Friji na TV vina njia yake mbali, hairuhusiwi kuchanganya na mbao. Jamaa yangu mmoja yupo Japani huko mpaka ununue stika ya malipo dukani uibandike kwenye kabati lako ndo wanalichukua, bila stika linabaki pale pale.

Mie nilipofika mwaka wangu wa kwanza meza yangu ya kusomea na viti viwili nilivipata hivo. Nakumbuka nilisimama mbele ya ile meza kama robo saa naogopa kuigusa, kwa kweli nilisubiri giza. Kumbe mzee wa kijerumani mwenye meza ananiangalia dirishani, akashuka, nikajua sasa nafukuzwa. Akanisaidia kuibeba mpaka kituo cha treni. Kwa hiyo ile aibu anayosema mama wa watu naijua, na iliniondoka kwa vile mwenye kitu alishuka mwenyewe akanishikia upande mmoja. Nawashauri wenye vitu wakae barazani na vitu vyao, wasitoe wakafunga mlango.

Mpemba_wa_Wete
Kwetu Pemba hasa shamba kitu kilikuwa hakitupwi hata ukitaka. Kifuu cha nazi upawa, makumbi usumba wa kamba, jamvi likichakaa la kuanikia karafuu linashuka daraja linakwenda kwa mbuzi, gunia likitoboka linakuwa mlango wa banda. Kopo la maziwa lilikuwa koroboi. Tulivokuwa tunatengeneza vitu wenyewe tukijua vya kuvifanya vikifa. Sasa hivi tatizo ni viti vya plastiki, ndoo, mabeseni, makabati haya ya unga wa mbao ulogandishwa na gundi ambayo ukimwagikia maji mara moja yashavimba kama andazi, fundi hana pa kupiga msumari. Kitanda cha mfenesi unabadilisha tendegu kinaishi miaka arobaini mengine, hilo kabati jipya la dukani halifiki hata mitano. Kwa hiyo siku yenu hio msishangae mkakuta vya zamani vinagombewa na vipya vinabaki.

Kuhusu plastiki niongeze kidogo. Mwaka 2019 ilitoka jahazi Lamu ikaja mpaka Unguja, imeundwa kwa plastiki na ndara zilookotwa pwani, inaitwa Flipflopi. Mafundi wa majahazi wa mwambao wetu huu huu ndo waloiunda. Chombo kizima kimekata bahari kwa vitu ambavyo sie twaviita taka, mie nikiikumbuka hata ndoo ilopasuka huiangalia mara mbili.

Shangazi_wa_Fuoni
Wanangu nimesoma yote tangu juu. Mnazungumza vizuri ila bado hamjaishika ile aibu penyewe. Mwenye kutoa atakuwa kakaa barazani kama tajiri na mwenye kuchukua anapita kama muombaji, na mtaani tunajuana, kesho ataambiwa "hilo zulia si la kwa fulani". Hamtopata mtu wa kuchukua, nakwambieni, watachukua watoto na wapita njia.

Nyie mmelelewa vipi, sahani ya futari ikija kwako unairudisha tupu? Hurudishi. Hata kama huna utatia embe moja, utatia chumvi. Basi na siku hio iwe hivo hivo, kila nyumba lazima itoe kitu, iwe tajiri iwe masikini, hata kikombe, hata upawa, hata mche wa mrehani kwenye kopo la rangi. Baraza zote ziwe na kitu. Hapo utaniambia nani kaja kuchukua na nani kaja kutoa? Hutomjua. Watu wote wanatembea wanaangalia baraza za wenzao kama sikukuu.

MwanaJangombe
Shangazi nakubusu mkono. Hilo ndo lililokuwa likinikosesha usingizi na umelimaliza kwa maneno matatu.

Kichochoroni
Sie wa Mji Mkongwe hata hio kirikuu haiingii, vichochoro vyengine ukipanua mikono unagusa nyumba mbili, kila kitu kinabebwa na hamali na hamali analipwa kwa uzito, ndo mana watu wanalimbikiza vikorokoro darini mpaka boriti zinalia. Siku kama hii kwetu ingefaa zaidi kuliko kwenu.

Ila nina onyo. Watu wanadhani kitu cha kizamani ni takataka, mtoto anarithi nyumba anatoa sanduku la njumu la bibi yake, samadari, kioo, saa ya ukutani, kuna watu wanapita wanayajua hayo, wananunua kwa bei ya chipsi na kesho liko dukani kwa watalii. Na vitu vya nyumba yenyewe, mlango wa nakshi, dirisha, mbao za roshani, hivo msithubutu kuviweka barazani, mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na hubadilishi kitu cha jengo bila ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kabla ya siku yenu chagueni mzee mmoja mjuzi apite aseme hichi kirudi ndani.

dogo_skrepa
Mimi nanunua vyuma chakavu napita na mkokoteni mitaa ya Amani, Chumbuni mpaka Mwanakwerekwe. Naomba na sisi tukumbukwe kwenye huo mpango, vyuma na alminiamu tuachieni sisi mwisho wa siku, sufuria zilotoboka, mabati, fremu za baiskeli, msilipe pesa ya kuvipakia, sisi tunakulipeni nyie na hio pesa iingie kwenye kukodi gari. Ombi langu lengine watoto wasichome waya kutafuta shaba, ule moshi mweusi ni sumu, mimi mwenyewe nilikuwa nafanya zamani nilikuwa nakohoa hadi damu puani, sasa namenya kwa kisu. Na betri za gari msizipasue, yale maji ni asidi na mle ndani ni madini ya risasi.

Nesi_mtaani
Nichangie moja tu, matairi, makopo, ndoo zilopasuka zinazokaa na maji ya mvua. Yule mbu mwenye madoa meupe anaeuma mchana, wa homa ya dengi, anazaa humo humo, kijitone cha maji ndani ya tairi kinamtosha na wiki moja mpaka siku kumi keshakuwa mbu kamili. Kwa hiyo kutoa vitu kabla ya mvua kuna faida kubwa kuliko baada. Tairi likichukuliwa na mtu wa kupandia maua alitoboe chini.

MwanaJangombe
Nashukuruni wote. Nimekwenda kwa sheha na karatasi yangu, kanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jambo moja tu, "na kisichochukuliwa?" Nikamwambia kirikuu ya mchango. Akasema andika majina ya watakaobaki jioni kufagia, bila ya hio karatasi siku hio sikubali. Yuko sawa. Maana kontena ikijaa watu wanaweka pembeni, pembeni pakijaa inaingia mtaroni, na mtaro ukiziba na godoro masika mnajua maji yanapoingia ni ndani ya nyumba za watu, na kipindupindu hatujakisahau. Alisema jengine limenikaa, sensa ya 2012 Zanzibar nzima tulikuwa watu 1,303,569, ya 2022 tukawa 1,889,773, na visiwa ni vile vile, kila shimo la taka tunalolijaza tunalichukua kwenye shamba la mtu.

Tumeweka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitaleta mrejesho.

MwanaJangombe
MREJESHO. Samahanini kwa kuchelewa, nilikuwa hoi.

Saa mbili asubuhi baraza kama thalathini zilikuwa na vitu. Nilihesabu feni sita, pasi, TV tatu za chogo, meza za skuli, beseni, kabati la vyombo la mbao ambalo fundi seremala alipoligonga tu akasema hili msaji, vitabu vya watoto, baiskeli mbili za Japani hazina minyororo, godoro za sponji nne na moja la sufi. Na kama Shangazi alivosema kila nyumba ilitoa, kuna ajuza mmoja katoa kata ya kifuu na fagio mbili za chelewa, kakaa nazo kifua mbele.

Saa mbili, saa tatu, saa nne, hachukui mtu. Watu wanapita wanaangalia, wanasifu, wanakwenda zao. Nikaanza kuona imeshindikana. Basi akatoka mzee wetu mmoja anaetusalisha, mtu mzima wa heshima zake, akapita taratibu mpaka kwenye baraza la kijana muuza chipsi, akachukua feni, akaigeuza, akamwita fundi_baridi (alikuja kweli, saa moja na nusu keshafika) wakakaa chini wote wawili wakaifungua, kapasita, ikazunguka. Akaikumbatia akaenda nayo kwake hadharani. Haikupita nusu saa mtaa ukawa kama soko la Darajani siku ya kuamkia sikukuu. Pasi mbili zilipona hapo hapo barazani, fundi hakuchukua hata shilingi.

Sasa yasiyokwenda vizuri niseme pia. Godoro za sponji hazikuchukuliwa hata moja na kwa kweli nashukuru, mbili Mama_Watatu kaziangalia mishono akatikisa kichwa. Lile la sufi liligombewa, maana sufi unaitoa unaichambua unaianika unaitia kwenye mfuko mpya wa kitambaa imekuwa godoro jipya, sponji ikishalala imelala. TV za chogo zilibaki zote tatu na fundi kasema zisivunjwe kioo chake kina risasi, nimeziweka stoo kwangu mpaka tujue pa kuzipeleka. Saa sita akaja mtu na gari kutoka mtaa mwengine akaanza kupakia jumla jumla, ilibidi wazee wamwambie kwa upole kitu kimoja kimoja ami, na yeye hajaleta kitu. Akarudi jioni na ndoo nne za rangi zilooshwa vizuri, akachukua meza moja, tukaagana kwa wema.

Vyuma dogo_skrepa kavinunua, ile pesa ilifika nusu ya kirikuu. Kilokwenda Kibele ni safari moja. Kabla yake tulikuwa tumekisia safari tatu au nne.

Na yule mama. Alitoa pawa tano za vifuu, kazichonga mwenyewe mipini ya mti, kazing'arisha kwa mafuta ya nazi, zikenda zote mwanzo mwanzo, watu wakawa wanamuuliza kama anazo nyengine. Lile godoro la sufi kalipata yeye, na meza ya skuli kwa mwanawe wa darasa la tano. Kitanda hakikutoka hata kimoja siku hio, watoto bado wako chini, ila sasa wako juu ya godoro.

Mama_Watatu
Na mie nilichukua kile kikapu cha ukili cha kona ya kwa mwalimu, sikuona haya hata chembe, kwa vile wakati nakichukua yeye alikuwa kashika sufuria yangu.

Mzanzibari_Hamburg
Machozi yamenitoka hapo kwenye feni ya mzee.

Shangazi_wa_Fuoni
Mwanangu nina kitanda huku kwangu, nne kwa sita, mti wa mwembe, mzima isipokuwa kinataka chaga mbili. Kimekaa ukumbini tangu mwanangu wa mwisho aolewe. Mwambie huyo mama aje mwenyewe akiangalie kama anakipenda, asiletewe. Na mwambie mie nataka pawa mbili kama zile, moja iwe ya mpini mrefu.